Barafu Iliyoota Kwenda Juu

"Huyu hapa. Mwenye barafu ni huyu."

Kidole nilichonyooshewa kilikuwa cha Theonest. Mchumba wangu! Mtu ambaye mahari yake ilikuwa imeshapokelewa kwetu Tukuyu, na padri alikuwa ameshatupangia siku ya mafundisho.

Nilikuwa uani kwao Tandika, kanga kiunoni, povu mikononi, namfulia mama yake mashuka. Mbele yangu alisimama Bwana Bakari, bwana afya wa kata, kavaa buti za mvua. Mkononi alishika mfuko wa barafu unaochuruzika. Nyuma yake alikuwepo Mzee Khalfani, mjumbe wetu wa nyumba kumi, na nyuma ya Mzee Khalfani ilikuwepo nusu ya mtaa.

"Lebo ni zake," Theonest akaendelea, sauti tulivu kama anaagiza chai. "Kaziandika yeye kwenye kompyuta ya kazini kwake. Ufunguo wa lebo anao yeye. Mie nilikuwa namsaidia kubeba tu."

Ndugu zangu mnaosoma... povu lilikuwa bado linanidondoka vidoleni.

Mtaa wetu ulikuwa umetoka kuzika. Watu wale hawakuja kusikiliza maelezo, walikuja kumwona mtu wa kulaumiwa, na mtu huyo wameonyeshwa. Mama mmoja niliyezoea kumpa shikamoo kila asubuhi alinitazama, akatema mate chini.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo hamtanielewa.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, zile mvua za El Nino. Waliokuwepo Dar wanakumbuka. Vyoo vilifurika, maji ya visima yakabadilika rangi, kipindupindu kikaingia Temeke na kukaa kama mwenye nyumba. Halafu mvua ikikatika kidogo, joto lake lilikuwa halielezeki. Kila mtu alitaka kitu cha baridi.

Mie nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la uchapaji Kinondoni, tunatazamana na makaburi. Wateja wetu wakubwa walikuwa wafiwa na maharusi. Bosi alikuwa Mzee Audax, mjomba wake Theonest, na humo dukani ndimo tulimokutana. Tulikuwa na kompyuta moja, printa moja ya rangi, na wafanyakazi wawili: mie na Nusaiba, binti wa Kawe, mpole, mwenye mkono mzuri kuliko anavyojua mwenyewe. Fotoshopu nilimfundisha mimi.

Theonest akaja na wazo la kuuza barafu. Ana friza, ana uwanja, ana maneno. Nikamwambia sawa, ila maji yachemshwe. Akaapa.

Nikamtengenezea lebo. Neno moja tu: BARIDI. Lakini nililigandisha, jamani. Mtu akiliona anahisi meno yanamuuma.

Siku hizi mnabonyeza kitu kimoja kwenye simu, mambo yamekwisha. Enzi zetu ilikuwa kazi. Unaandika herufi nyeupe, nene, juu ya weusi. Unazitafuna pembeni zichakae, unazimwagia chenga, unazififisha kidogo. Halafu unataka yale meno ya barafu yanayoning'inia chini ya herufi, kama kwenye friza iliyosahaulika. Meno hayo unayapata kwa upepo. Fotoshopu ina amri ya upepo, unaivuta rangi inachirizika.

Tatizo ni kwamba upepo wa Fotoshopu unavuma kutoka kulia au kushoto tu, hauvumi kutoka juu. Kwa hiyo unailaza picha nzima ubavu, vichwa vya herufi vielekee kulia. Unapuliza upepo kutoka kulia. Unasubiri, maana mashine ile ilikuwa inafikiri mpaka unamaliza chapati. Kisha unaisimamisha tena picha, na meno yananing'inia chini. Mwisho unapaka bluu na kuweka vimeta vyeupe pembeni.

Ukiilaza ubavu usio wake, ukija kuisimamisha meno yote yameota kwenda juu. Kama nyasi. Nusaiba alikosea hivyo siku ya kwanza, tukacheka mpaka Mzee Audax akatoka ofisini kuuliza kulikoni.

Zile lebo zilikuwa karatasi ndogo, zinakaa katikati ya mifuko miwili ya nailoni ili wino usiyeyuke. Na mie, kwa kujiona mjanja, nikaweka masharti. Lebo zote nilizifungia kwenye kopo la biskuti lenye kufuli. Jioni nikitoka kazini napitia kwa kina Theonest, naona sufuria linachemka kwa macho yangu, nagusa pipa kama bado lina uvuguvugu, ndipo natoa lebo. Mfuko bila lebo haununuliwi. Watu walishaizoea, walikuwa wanaomba "ile yenye herufi za baridi" na kuacha ya wengine. Walisema ukiiona tu unajua ni safi.

Nilijivuna sana. Nilidhani nimemshika Theonest kwa lebo, kumbe nimemfundisha kitu kimoja tu anachohitaji kukiiba.

Mambo yakaanza kuwa ya ajabu polepole.

Nilianza kuona BARIDI mahali ambapo sikuitarajia. Kwenye genge la Mtoni. Mfuko mtupu mtaroni Chang'ombe. Mfanyabiashara mmoja wa Gongo la Mboto akaja dukani kuchapa kadi ya msiba, akasema barafu yetu imejaa kule kwao. Nikamuuliza Theonest. Akasema watu wanaokota mifuko iliyotumika na kuijaza upya, ndio biashara ilivyo. Nikameza jibu hilo, ingawa halikushuka vizuri.

Halafu siku moja nimefika kazini nikakuta mfuko mtupu wa BARIDI umewekwa katikati ya meza yangu, umenyooshwa vizuri. Nikautazama. Meno ya barafu yalikuwa yameota kwenda juu.

Nikacheka. Nikamgeukia Nusaiba nikamwambia, shoga, bado tu unalaza upande huo huo?

Hakucheka. Aliniangalia kwa muda, kama mtu anayesubiri mwenzake aendelee kusema. Mzee Audax akapita nyuma yetu kwenda ofisini kwake. Nusaiba akaushusha uso kwenye kazi yake, na mie nikautupa ule mfuko kwenye kapu la taka.

Jumapili ya wiki hiyo tulikuwa kwa mama yake Theonest. Mama Filomena, mjane, mcheshi, mkali kwenye ibada na mwepesi kwenye kicheko. Alinipenda mama yule. Aliniita mkwe kabla hata mahari haijafika.

Alikuwa ametengeneza juisi ya ukwaju. Siku hiyo umeme ulikuwa wa mgawo na friza ya nyumbani ilikuwa tupu, kwa hiyo akaagiza barafu gengeni. Akaingia na jagi, kaling'arisha, vipande vinagongana ndani. Akasema kwa majivuno, "Nimenunua ile yenye herufi za mkwe wangu. Nyingine siiamini."

Nilikuwa nanyoosha glasi yangu. Kiwiko cha Theonest kikalipiga jagi.

Lilipasuka vipande vipande. Juisi ikatapakaa mpaka chini ya kochi.

Akaomba radhi haraka haraka. Halafu akamuuliza mama yake, "Mama, wewe umeshaonja?"

"Glasi nzima," akajibu mama. "Joto la jikoni lile ungeliweza wewe?"

Theonest akaweka glasi yake chini. Akatazama mlangoni. Kisha akapiga magoti, akachukua tambara na kuifuta ile sakafu mwenyewe, kwa sabuni, akarudia tena na tena. Mwanamume ambaye sikuwahi kumwona hata akiondoa sahani yake mezani! Mie mjinga nikamletea beseni la maji. Nilikuwa nawaza moyoni, nimepata mume.

Jumanne Mama Filomena akaanza kuharisha. Jioni hiyo hiyo macho yalikuwa yameingia ndani na vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani, tukampeleka kambi ya wagonjwa. Theonest njia nzima alitazama barabara tu. Nilidhani ni uchungu.

Sasa nirudi uani.

Bwana Bakari alisema wagonjwa wengi pale kambini walikumbuka kitu kimoja, barafu ya herufi za baridi. Akasema maji yake yamepimwa na yana uchafu wa choo. Akaniuliza kwa utaratibu kama hii lebo ni kazi ya mikono yangu. Umati ukasogea. Mtu mmoja nyuma akasema nipelekwe polisi sasa hivi, mwingine akasema polisi ni mbali.

Wadau, niliogopa. Nilijua jinsi umati unavyoanza na jinsi unavyomaliza.

Nikaomba niuone mfuko.

Nikaupokea, nikaupangusa maji kwa kanga. Na pale mkononi mwangu, chini ya jua, nikayaona. Meno yameota kwenda juu.

Nikaugeuza mfuko mara mbili, kuhakikisha.

"Hii sikuchapa mimi," nikasema.

Theonest akacheka kidogo. "Sekela, herufi zako hata mtoto anazijua."

Nikakimbilia ndani, nikaleta kopo langu la biskuti, nikalifungua mbele yao. Nikaweka lebo yangu pembeni ya ile ya mfukoni. Nikamwonyesha Bwana Bakari, ya kwangu barafu inashuka, ya pale inapanda. Nikamwambia kosa hilo namjua anayelifanya, yuko Kinondoni, mezani pembeni yangu, na hata wiki iliyopita nililiona.  Nilikuwa nimeelewa kwamba Nusaiba, niliyemshika mkono nikamfundisha, ndiye aliyeniuza.

Mzee Khalfani akauambia umati utulie, jambo hili lina mwisho wake na mwisho wake si wa mawe. Tukaondoka kwenye gari la kata. Theonest alikuja mwenyewe, bila kulazimishwa. Hilo lilinitisha kuliko kila kitu. Mtu mwenye hatia angebaki.

Dukani Nusaiba alikuwa peke yake. Alipoona tunaingia, akaona mfuko mkononi mwa bwana afya, akakaa wima.

Nikamwambia mbele ya wote atengeneze herufi za baridi, tangu mwanzo, mie simgusi wala simwelekezi. Nilitaka arudie kosa lake. Nilitaka wote walione.

Akaandika BARIDI. Akazitafuna herufi, akamwaga chenga, akafifisha.  Akailaza picha, akaleta upepo. Mashine ikaanza kufikiri. Nje watu walikuwa wanaingiza jeneza makaburini, tunawasikia wanavyoimba, na sisi wote macho kwenye kioo.

Akaisimamisha picha.

Meno yalining'inia chini. Mazuri, yamenyooka, kuliko hata ya kwangu.

Bwana Bakari akanigeukia. Uso wake uliniambia yote. Theonest akaegemea mlango, akakunja mikono.

"Mnaona?" akasema. "Binti wa watu anajua kazi yake. Muongo ni mmoja tu hapa."

 Nikajiona niko gereza la Keko, nikamwona baba yangu Tukuyu anapokea habari.

Ndipo Nusaiba akasema, bila kugeuka kutoka kwenye kompyuta.

"Najua kuyashusha tangu mwaka jana. Yale niliyapandisha kusudi."



Akaeleza taratibu, kama anamsomea mtu barua. Theonest alikuja siku ambayo sikuwepo, akataka lebo, nyingi, akasema nimemtuma mimi. Nusaiba akamwambia Sekela hawezi kumtuma mtu lebo, lebo anazifungia. Theonest akamjibu kwamba duka ni la mjomba wake, na kama kazi imemchosha aseme. Nusaiba ana wadogo zake Kawe wanaomtegemea. Akafanya kazi. Lakini akailaza picha upande mbaya.

"Kusema sikuweza," akanigeukia, machozi yanamtoka sasa. "Kuchora niliweza. Nikajua hakuna mtu Dar hii atakayeona tofauti ila wewe. Nikasubiri uone. Hukuona, nikakuletea mfuko mezani. Ukacheka, shoga. Ukaniambia bado nalaza upande ule ule... na Mzee Audax anapita nyuma yetu. Ningesema nini?"

Nilimkumbatia palepale kwenye kiti chake. Nililia bila aibu. Yule niliyemwita msaliti njia nzima, ndiye peke yake aliyekuwa ananipigia kelele kwa njia aliyoiweza.

Theonest hakutikisika. Alisema hawa ni wasichana wawili wa meza moja, wamepangana. Akasema lebo ya juu au ya chini, zote zimetoka kwenye kompyuta hii, na yeye hajui hata kuiwasha. Na kweli, ndugu zangu, hapo hakuwa amesema uongo. Bwana Bakari alikuna kichwa. Lilikuwa neno letu na neno lake.

Mzee Khalfani ndiye aliyesema twende tukamuulize Mama Filomena barafu yake aliipata wapi, maana leo anaongea.

"Mama ni mgonjwa," Theonest akasema haraka. "Asisumbuliwe."

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile sauti yake kuyumba.

Kambini unakanyaga kwanza kwenye maji ya dawa, harufu yake inakuingia mpaka kooni. Vitanda vina matundu katikati, ndoo chini yake. Mama Filomena alikuwa amelala na dripu mkononi, amekuwa mdogo, lakini macho yalikuwa yamerudi. Nikampa shikamoo. Akaitika na kunishika vidole.

Bwana Bakari akamwonyesha lebo. Akasema ndiyo, hiyo hiyo, aliiagiza gengeni Jumapili, akaipenda kwa sababu ya mkwe wake. Bwana afya akamuuliza kama kuna mwingine aliyekunywa ile juisi. Mama akaanza kusema hapana, jagi lilianguka... akakatisha.

Akageuza kichwa polepole, akamtazama mwanawe aliyesimama miguuni pa kitanda.

"Theo."

"Naam, mama."

"Siku ile uliniuliza kama nimeshaonja. Uliniulizia nini?"

 Wauguzi waliokuwa wanapita na ndoo wakasimama.

"Jagi ulilimwaga wewe," mama akasema. Hakuwa anauliza. "Nikakwambia nimekunywa glasi nzima, ukaniangalia. Jumapili ile. Jumatatu umekula mezani kwangu. Ulikuwa unajua?"

 Theonest akashika chuma cha kitanda, akashuka mpaka chini.

"Nilidhani labda maradhi hayatakushika, mama," akasema.

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza.

Mama Filomena aliyafumba macho. Kisha akageukia ukutani, dripu na yote, na kumwambia Bwana Bakari amwondoe mtu huyu hapa anapolala.

Theonest mwenyewe ndiye aliyewapeleka Gongo la Mboto. Chumba cha kupanga, friza mbili, pipa la maji ya kisima lenye rangi ya chai, na kisima chenyewe kiko hatua chache kutoka chooni. Hakukuwa na jiko. Bwana Bakari alitafuta chumba kizima, hakupata hata kipande kimoja cha mkaa.

Mama alipona. Wapo ambao hawakupona, na ule wimbo wa makaburini bado nausikia nikikaa mbele ya kompyuta. Theonest alifungwa. Nusaiba aliacha kazi siku ile ile kabla hajafukuzwa, mie nikamfuata, na mpaka leo tunafanya kazi meza moja kwenye duka letu wenyewe. Pete ya uchumba niliirudisha kwa Mama Filomena. Aliikataa, akaniambia niiuze ninunue friza, nichemshe maji.

Sasa somo langu, na mnisamehe nikiwa mkali.

Watu waliniambia baadaye, Sekela, angalau alikuokoa wewe, juisi yako aliimwaga. Nami niliwajibu hivi. Alikuwa na Jumapili nzima, Jumatatu nzima na asubuhi ya Jumanne ya kumwambia mama yake twende hospitali. Alichagua kufuta sakafu.

Herufi nzuri hazichemshi maji. Na mtu akimwaga jagi mbele yako halafu hasemi kwa nini, usimletee beseni kama nilivyofanya mimi. Muulize hapo hapo.